Jibu: Kwa nini watu hudhani wanasayansi wa tabianchi wamegawanyika

Umeuliza kwa nini watu wengi bado wanadhani wanasayansi wa tabianchi wamegawanyika kuhusu kama binadamu ndiye anayeipasha dunia joto, ilhali makubaliano yapo. Chanzo kimoja kikubwa ni desturi ya vyombo vya habari ya kuzipa pande mbili nafasi sawa. Watafiti Maxwell na Jules Boykoff walichambua magazeti manne makubwa ya Marekani ya 1988 hadi 2002: zaidi ya nusu ya habari zilipima mchango wa binadamu na mabadiliko ya asili kana kwamba zina uzito uleule. Lakini kati ya makala za kisayansi zilizotoa msimamo kuhusu chanzo cha ongezeko la joto duniani, uchambuzi wa 2013 ulikuta 97% zikikubali kuwa ni binadamu. Mtazamaji akiwekewa mtaalamu mmoja na mpinzani mmoja studioni, atawaza nini zaidi ya kwamba wanasayansi wamegawanyika nusu kwa nusu?

Ukisoma habari, chunguza kwanza kama msemaji amechapisha utafiti wa tabianchi au ni bingwa wa fani nyingine kabisa. Kisha angalia kinachobishaniwa. Mjadala wa kodi ya kaboni, yaani tozo kwa wanaotoa gesi zinazoongeza joto, ni halali. Ule wa kama dunia inapata joto umekwisha. Kichwa cha habari usikitegemee, maana mara nyingi hukiandika mhariri, si mwandishi mwenyewe.