Matairi ya nyuma ya gari lenye nguvu: niliyojifunza katika mvua za Mwanza

Gari langu ni Toyota Mark X yenye injini ya lita 3.5 na nguvu za farasi 318, na nguvu zote hizo hupelekwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Jioni moja ya Oktoba, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha kwa dakika kama kumi tu, nilikuwa natoka Buhongwa kurudi mjini, na karibu na Mkolani nikaanza kuipita daladala kabla usukani haujanyooka vizuri kutoka kwenye kona ya kushoto. Nilikanyaga mafuta, gia ikashuka ghafla, mkia wa gari ukachomoka kuelekea kulia, na kwenye kioo cha mbele nikaona taa za maduka ya kando ya barabara mahali ambapo nilipaswa kuona lami. Gari lilisimama likiwa limekatiza barabara. Namshukuru Mungu kwamba hakukuwa na lori lililokuwa linakuja.

Asubuhi yake nilichuchumaa nyuma ya gari nikiwa na tochi ya simu, nikasoma kwa mara ya kwanza maandishi ya ubavuni mwa matairi niliyoyanunua mtumba kwa kuangalia unene wa kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, peke yake. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilikuwa 4209, maana yake yalitengenezwa katika wiki ya 42 ya mwaka 2009. Pembeni palikuwa na neno STUDLESS, yaani matairi ya theluji na barafu za Japani. Mpira wa tairi la namna hiyo umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimechanjwa michirizi midogo mingi ambayo huzifanya ziyumbe kwenye lami ya joto. Ukiongeza juu yake miaka mingi ya kukauka kwa mpira, unabaki na tairi linalopendeza kwa macho lakini halina mshiko.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kusoma tarehe kabla ya kuuliza bei, hata kama tairi bado limefungwa karatasi ya dukani, kwa sababu tairi jipya linaweza kuwa limekaa stoo miaka mingi. Kisha tazama neno TRACTION, ambalo hufuatwa na AA, A, B au C. Kipimo hicho kinahusu kufunga breki kwenye njia iliyonyooka yenye maji, wala hakisemi lolote kuhusu kona, lakini kwa gari lenye nguvu mimi sishuki chini ya A. Namba ya TREADWEAR inapokuwa ndogo, kwa kawaida mpira huwa laini zaidi na huisha mapema. Nimechagua la 300, nikakubali kununua matairi mara nyingi zaidi.

Upana ndio unaowapoteza wengi wetu. Tairi pana husaidia lami ikiwa kavu, lakini maji yakituama huelea mapema kuliko jembamba lenye mifereji ya aina hiyohiyo. Tena ukibadili upana ni lazima upige hesabu ya kimo. Tairi la 235/45R18, yaani upana wa milimita 235, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo na rimu ya inchi 18, lina ubavu wa milimita 106 hivi. Ukiweka nyuma 265/35R18, ubavu unakuwa milimita 93, na kipenyo kizima kinapungua kwa milimita 26. Mfumo wa TRC, unaozuia magurudumu yasiteleze ukikanyaga mafuta, hulinganisha mwendo wa magurudumu ili kujua lipi linateleza, na tofauti kama hiyo kati ya mbele na nyuma huuchanganya. La 265/40R18 lingelingana, mradi rimu iwe na upana unaoliruhusu.

Kama fedha inatosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi watakubishia. Mbele ikiteleza, gari huenda moja kwa moja na dereva hupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na wachache wetu tunaweza kulirudisha. Hayo mawili yawe ya aina moja na yenye uchakavu sawa, vinginevyo difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, itafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka.

Upepo upimwe matairi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, si mazoea ya anayejaza. Kilopaskali 230 ni psi 33; ukijaziwa 40, sehemu ya katikati ndiyo inayobeba gari na ndiyo itakayolika.

Kuhusu mguu wenyewe unaokanyaga mafuta, mvua za mwanzo ndizo hatari zaidi, kwa kuwa mafuta na vumbi la kiangazi huchanganyika na maji, na huku kwetu mchanga unaoteremshwa na maji kutoka vilimani hubaki barabarani hata baada ya jua kutoka. Magari mengi ya Kijapani yana kitufe cha SNOW, ambacho hupunguza ukali wa kuondoka. Mimi hukitumia kwenye matope na lami iliyolowa. TRC mimi huizima pale tu gari linapokwama kwenye tope, kisha naiwasha tena. Mkia ukianza kutoka, legeza mafuta taratibu bila kufunga breki, na uelekeze usukani upande ule mkia unakokwenda. Kuachia mafuta kwa ghafla huhamishia uzito mbele na kuyafanya matairi ya nyuma kuwa mepesi wakati ambapo unayahitaji zaidi.

Matairi mapya nayo huwa na utelezi wa kiwandani. Nilipofunga yangu nilikwenda nayo Magu na kurudi mara mbili kwa mwendo wa kawaida, lami ikiwa kavu, kabla ya kuyapeleka kwenye mvua.