Chuo kimekataa kumpa mzazi matokeo ya mtoto: FERPA inavyofanya kazi

Mleta mada, umeuliza kwa nini chuo cha mwanao huko Texas kinakunyima matokeo yake ilhali ada unalipa wewe, na kama unaweza kukishtaki. Nafanya kazi ofisi ya msajili wa chuo hapa Marekani, na hakuna swali linalozua kelele dirishani kama hili. Hawajakuonea. FERPA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, inamkabidhi mwanafunzi haki zote juu ya kumbukumbu zake za masomo mara anapoanza chuo, hata akiwa na miaka 17. Anayelipa ada hatajwi.

Njia fupi ni idhini ya maandishi, na anayeijaza ni mwanao. Lazima itaje kumbukumbu zipi zitolewe, apewe nani na kwa sababu gani, halafu iwe na sahihi na tarehe. Vyuo vingi vimeiweka kwenye akaunti ya mwanafunzi mtandaoni. Inapokwama mara nyingi ni hapa: kijana anatia tiki kwenye malipo tu, mzazi anaona bili, anadhani kila kitu kimefunguka. Akipiga simu kuuliza alama anaambiwa hayumo. Tena idhini inakiruhusu chuo kuzungumza nawe, haikilazimishi.

Mlango wa pili ni kodi. Mwanafunzi akiwa tegemezi wako kwa sheria ya kodi ya Marekani, chuo kinaweza kukupa taarifa bila idhini yake. Peleka nakala ya fomu 1040, yaani ritani yako ya kodi ya mapato, ya karibuni yenye jina lake, na tarakimu za mapato uzifute kwa wino mweusi, hazihitajiki. Wazazi mlioko Dar au Mombasa wenye watoto wa F-1, yaani visa ya mwanafunzi wa kigeni, hapa kwa kawaida hampiti, kwa sababu mtoto huyo hahesabiki tegemezi kwa sheria hiyo. Nyie ni idhini tu. Dharura ya afya au usalama ina ruhusa yake, na vilevile kosa la pombe au dawa za kulevya kwa aliye chini ya miaka 21, ila uamuzi ni wa chuo.

Sasa vijana wenyewe, maana wengi hawajui walicho nacho. Una haki ya kukagua kumbukumbu zako, na chuo kina siku 45 kukutimizia tangu kipokee ombi. Usiandike "naomba faili langu lote", hilo litazunguka ofisi tano. Andika hivi: "Naomba kukagua faili langu la maombi ya kujiunga, pamoja na maoni ya waliolisoma, na kumbukumbu za nidhamu tangu nijiunge." Mwaka 2015 wanafunzi wa Stanford walitumia haki hii kusoma walichoandikiwa na watu wa udahili. Baadaye vyuo kadhaa vikaanza kufuta maoni hayo mapema, kwa hiyo usikawie. Ombi likishapokelewa, hawaruhusiwi kuharibu kinachoombwa.

Hutaonyeshwa taarifa za fedha za wazazi wako, wala daftari binafsi la mwalimu ambalo halijamfikia mwingine. Barua za mapendekezo hutaziona kama ulisaini kuachia haki hiyo ulipokuwa unaomba chuo, na karibu kila mtu husaini bila kusoma.

Nakala ni jambo jingine. Chuo kinaweza kukuambia uje usome ofisini. Ukiwa umesharudi Nairobi na huwezi kufika, lazima kikupe nakala au kikupangie njia nyingine ya kusoma. Kinaweza kutoza gharama ya kunakili, si ya kutafuta. Deni la ada nalo halikunyimi haki ya kukagua.

Ukikuta kosa, omba lirekebishwe. Wakikataa, unadai kusikilizwa rasmi, na ukishindwa hapo unaweka maelezo yako ndani ya faili. Lakini hii ni kwa B iliyoingizwa kama D. Kama unaona mwalimu alikubania, hilo ni la rufaa ya alama.

Jina, barua pepe, fani na tarehe za masomo chuo kinaweza kumpa yeyote, isipokuwa ukizuia. Fikiri kabla ya kuzuia: mwajiri akipiga simu kuthibitisha shahada yako ataambiwa hakuna taarifa za mtu huyo, na jina linaweza kukosekana kwenye kitabu cha mahafali. Wa F-1 wajue pia kuwa kizuizi hicho hakigusi ripoti za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni.

Kuhusu kushtaki: Mahakama ya Juu ya Marekani iliufunga mlango huo mwaka 2002, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Gonzaga. Mtu binafsi hawezi kufungua kesi kwa kuvunjiwa FERPA. Malalamiko hupelekwa Wizara ya Elimu ya shirikisho, ofisi ya faragha ya wanafunzi, ndani ya siku 180 tangu ujue kilichotokea. Na kwa ngazi ya chuo, mlalamikaji ni mwanao, si wewe.