Unataka kufanya masters ya hali ya hewa? Ijue kwanza mvua yako, modeli itasubiri

Kila ukifika msimu wa kuomba vyuo napata meseji za wadogo zangu wanaotaka kusoma masters ya hali ya hewa au tabianchi, na karibu wote wanauliza kitu kimoja, eti kaka nitumie modeli gani (zile programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa). Hakuna anayeuliza mvua gani. Mimi yangu niliifanya kwenye mvua za vuli, na tangu hapo nimeshasoma tesisi nyingi za wenzangu kabla hazijaenda kwa panel ya watahini, kwa hiyo nasema nilivyoona mimi, mwenye uzoefu tofauti ataniwia radhi.

Tuanze na swali la utafiti. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwenye mvua za Tanzania" hilo sio swali jamani, hiyo ni wizara nzima. Chukua mfano huu. Mwaka 1997 kulikuwa na El Niño kali, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yalipata joto kuliko kawaida, na vuli ikamwagika kweli kweli, barabara na madaraja yakaenda na maji, wazee bado wanaihadithia. 2015 El Niño ikaja kali vilevile, watu wakajiandaa kwa mafuriko, lakini vuli yetu haikuifikia ile ya 1997 hata kidogo. Alafu 2019 El Niño ya maana hakuna, mvua ikapiga Oktoba mpaka Disemba, masika ya 2020 nayo ikaongezea, Ziwa Victoria likajaa mpaka likaingia kwenye nyumba za watu. Sasa tofauti iko wapi? Sehemu kubwa iko Bahari ya Hindi. Upande wa huku kwetu ukiwa na joto kuliko kawaida na ule wa karibu na Indonesia ukiwa baridi, unyevu unasukumwa kuja kwetu. 1997 na 2019 hali hiyo ilikuwa na nguvu sana, 2015 ilikuwa dhaifu zaidi. Hapo ndo unapata swali lako: kwa wilaya moja unayoijua, je, joto la bahari la mwezi wa nane na wa tisa linakwambia chochote kuhusu vuli itaanza lini? Sio itanyesha kiasi gani, itaanza lini, manake mkulima ndo anachotaka kujua. Na uzuri wa swali la hivyo, hata jibu likiwa hapana bado una tesisi.

Masika nakwambia mapema ni ngumu. El Niño haiishiki vizuri kama inavyoishika vuli, na kuna kitendawili chake, mvua za Machi hadi Mei zilipungua Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980 wakati modeli nyingi zinasema huko mbele zitaongezeka. Kama unaenda PhD karibu sana, kazi ipo. Kama ni masters ya miaka miwili na ada unajilipia mwenyewe, fikiria tena.

Sasa data, na hapa ndo nitakaa maana hapa ndo watu wanalia. Kituo cha mvua kwetu kinasomwa saa 3 asubuhi, yaani unachoandika ni mvua ya masaa 24 yaliyopita. Data za satelaiti kama IMERG siku yake inaanza saa sita usiku ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa 9 usiku. Sasa fikiria radi za Ziwa Victoria ambazo zinapenda kupiga usiku kuelekea alfajiri, mvua ileile moja kwenye faili moja inaweza kuwa ya Jumatatu na kwenye lingine ya Jumanne, wewe unapiga korelesheni (kupima kama vinapanda na kushuka pamoja) ya siku kwa siku inatoka mbovu unaandika satelaiti haifai. Satelaiti haina kosa. Muulize aliyekupa data mvua ya saa 3 wanaiandika kwenye tarehe ipi, usikisie.

CHIRPS, data nyingine ya mvua inayotokana na satelaiti, nayo kila mtu anaitumia, inaanza 1981 na inashuka mpaka kama kilomita 5, safi kabisa, ila ndani yake tayari kuna data za vituo. Ukichukua vituo vilevile "kuihakiki" unalinganisha kitu na chenyewe, na panel yenye mtu makini itakukamata hapo hapo. ERA5, yaani hali ya hewa ya zamani iliyojengwa upya kwa kuchanganya vipimo na modeli, inarudi mpaka 1940, lakini mvua yake haikupimwa popote, imetoka kwenye modeli, na inakuja kwa mita sio milimita, kwa hiyo zidisha kwa 1000 kabla hujachora ramani inayoonyesha Bukoba ni jangwa. Na kwenye faili la kituo angalia sifuri ni sifuri kweli au mtu hakwenda kusoma kipimo siku hiyo, sikukuu na wikendi zinasema mengi.

Modeli za CMIP6, zile za dunia nzima zinazotumika kutabiri tabianchi ya huko mbele, zije baadaye. Zinaigawa dunia kwenye vyumba vyumba, na nyingi vyumba vyake vina upana wa kilomita 100 hivi au zaidi, Kilimanjaro yenye mita 5,895 inalazwa inakuwa kamlima tu, na kuna zinazotumia kalenda ya siku 360 yenye Februari 30, programu yako itagoma na utadhani kompyuta ina virusi.

Zile tesisi za Mann-Kendall (kipimo cha takwimu cha kuangalia kama mvua inaongezeka au inapungua miaka ikienda) kwenye kituo kimoja, trendi inapanda trendi inashuka basi, mimi zimenichosha. Kama lazima ufanye, badilisha mwaka wa kuanzia na wa kumalizia uone. Trendi ya vuli inayoisha 2019 na inayoisha 2017 zinaweza kukupa stori mbili tofauti kabisa.

Mengine haraka haraka. Barua ya kuomba data za vituo peleka hata kabla proposo haijapita, hiyo kitu inachukua miezi. Python jifunze kabla hujaripoti chuo, xarray na CDO, vifaa vya kuchambua mafaili ya hali ya hewa, vinatosha kwa mwanzo, na kama laptopu yako inahema tumia Google Colab, au KNMI Climate Explorer ambayo inakuchorea kwenye mtandao bila kudownload chochote na bando lako linapona. Aliyesoma fizikia au hesabu na anajiona bado hajaiva aangalie diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, ina udhamini kamili. Supavaiza usimchague kwa jina, tafuta wanafunzi wake wa sasa uwaulize chapta inakaa kwake muda gani, wakianza kucheka tafuta mwingine.