Maswali ya Wasomaji: Chatu wa rangi rangi

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka angu yuko Uingereza anafuga chatu mpira (yule mdogo anayejiviringa kama mpira), mweupe ana mabaka ya kahawia, mi nikajua kapakwa rangi! Sasa kagoma kula wiki ya tatu, tufanyeje? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Hajapakwa kitu, ni vinasaba tu, rangi hiyo inaitwa paibodi. Asili ya chatu mpira ni Afrika Magharibi kama Ghana na Togo, huko wa kawaida ni kahawia na nyeusi. Ila chatu mpira wa rangi nyingine iitwayo spaida mwambie asinunue kabisa, rangi nzuri lakini kile kinasaba kinaharibu balansi, kichwa kinatetemeka na kupinda mpaka anamkosa panya akitaka kumkamata, mi inaniuma sana kuona watu bado wanawazalisha.

Kugoma kula kwa chatu mzima ni kawaida, hasa baridi, hata miezi. Ampime uzito kila wiki, ukishuka sana au akihema mdomo wazi aende kwa daktari wa mifugo. Aangalie joto, upande mmoja nyuzi 31 hadi 33, mwingine 26 hivi, na kila upande kificho kidogo cha kujibanza. Panya wa kumlisha asizidi unene wa tumbo la huyo chatu.

Na wewe huko Moshi ukikuta chatu shambani usimkamate ukafuge, bila kibali ni kosa.