Chenga kwenye TV za kebo: ninunue busta?

SWALI: Asalaam aleikum kaka fundi. Nakaa Kibokoni, tuna kebo ya mtaa miaka kadhaa na ilikuwa poa, lakini tangu tuongeze TV ya pili chumbani kwa mama picha imejaa chenga hasa chaneli za juu, na ile ya sebuleni ina mstari mpana unapanda polepole. Fundi kasema ninunue busta. Ninunue?
– Msomaji, Kibokoni

JIBU: Waaleikum salaam dada. Busta usinunue kwanza. Inakuza kila kinachoingia, picha pamoja na chenga zake, sasa kama waya ndio mgonjwa utakuwa umeukuza ugonjwa.

Kwa vile unaona chenga na si picha kukatika vipande vya mraba, bila shaka mawimbi yenu bado ni ya analogi, yaani ya mtindo wa zamani, si dijitali. Toa spilita kabisa, kile kidude kinachogawa waya mmoja kwa TV mbili, chomeka waya unaotoka nje moja kwa moja kwa TV moja, angalia. Ikiwa safi basi shida ni spilita ama waya wa chumbani. Spilita ya njia mbili inaipa kila TV nusu tu ya nguvu, na ya njia nne inabaki robo hata kama matundu mawili hayana kitu, na watu wanapenda kununua ya nne eti itafaa baadaye! Chaneli za juu ndizo zinaumia mwanzo kwa sababu masafa ya juu yanapotea haraka kwa waya mrefu. Weka ya njia mbili, waya uwe ule mnene wa TV unaoitwa RG6, wa ohm 75, si ule mwembamba.

Ikiwa bado chenga bila spilita, tazama konekta ya nje. Huko kwenu bahari iko hapo tu, chumvi inakula shaba hadi inageuka kijani. Kata kipande mpaka uone shaba inang'aa, weka konekta mpya, na hakikisha hakuna unywele hata mmoja wa wavu wa nje unaogusa shaba ya katikati, huo mmoja tu unatosha kuua picha. Ukimaliza na bado, waite wenye kebo, shida iko upande wao.

Huo mstari unaopanda ni habari nyingine, ni stima ya hertz 50 inapenya kwa kebo. Chomoa waya wa kebo kwa TV ya chumbani, mstari ukipotea jua soketi za stima za TV hizo mbili hazina ardhi ("earth", ule waya wa usalama) sawa. Kuna mafundi wanakata pini ya ardhi kwa plagi ili mstari uondoke, nakuomba sana usikubali, hiyo pini ndiyo inayokulinda. Na kama ukigusa konekta unahisi inakutekenya, zima swichi ukutani, uchomoe TV zote, na mama asishike huo waya mpaka fundi wa stima apite.