Mwanasaikolojia wa timu sio mtu wa hotuba

Ndugu umeuliza mwanasaikolojia wa timu ana kazi gani wakati kocha yupo na kutia watu moyo anajua. Kutia moyo ni kipande kidogo tu. Chukulia penati: mchezaji anafundishwa utaratibu wake uleule kila siku, anaweka mpira, anarudi hatua zake, anavuta pumzi anaitoa taratibu, kona ameshachagua habadilishi, ili presha ikipanda awe na kitu cha kufanya badala ya kichwa kuanza "nikikosa je nikikosa je".

Muogeleaji wa Marekani Michael Phelps, Olimpiki ya Beijing 2008, mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani ikajaa maji haoni kitu, akaogelea kwa kuhesabu mipigo ya mikono tu akachukua dhahabu na rekodi ya dunia juu, maana yeye na kocha wake walishazoea kupitia balaa kama hizo kichwani kabla (kwahiyo ndio, kocha mzuri naye anafanya sehemu ya hii kazi).

Ila upande wa afya ya akili ndo watu wanauchukulia poa. Mwanasarakasi wa Marekani (jimnastiki) Simone Biles alipojitoa fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021 akatukanwa sana mitandaoni, wakati mwenzenu akiwa hewani hajui tena mwili wake uko wapi, pale ukitua vibaya ni shingo hiyo. Paris 2024 karudi kabeba dhahabu 3, na siku ya fainali ya timu asubuhi alianza kwanza kuongea na mtaalamu wake wa saikolojia.