Kampuni ya maegesho imekushitaki Uingereza? Anza na kalenda

Mkuu, umesema bahasha imetoka mahakama ya Northampton, wanadai pauni 260 hivi kwa gari lako kupitiliza muda kwenye maegesho ya supamaketi, na washkaji wanakwambia itupe kapuni. Usithubutu. Barua za wakusanya madeni hata mimi niliziacha zirundikane, hao hawana meno. Fomu ya mahakama ni habari nyingine. Ukikaa kimya hukumu inapita bila wewe, na usipoilipa ndani ya mwezi inakaa kwenye rekodi zako za mikopo miaka 6. Nenda kapange nyumba na doa hilo uone.

Ingia mtandaoni kwa nywila iliyo kwenye fomu, sema umeipokea na unapinga dai lote. Ukiwahi hilo, muda wa kuleta utetezi unakuwa siku 28 badala ya 14, zikihesabiwa tangu siku ya 5 baada ya tarehe ya fomu.

Sasa kesi yangu. Gari lina jina langu, siku ile sikuendesha mimi. Sheria ya 2012, ileile iliyokomesha kufunga magari minyororo kwenye viwanja vya watu England na Wales, inaziruhusu kampuni za maegesho kumdai aliyesajiliwa na gari kama dereva hajulikani, ila kwa masharti. Kama ni kamera iliyokunasa na hakuna karatasi iliyoachwa kiooni, barua lazima ikufikie ndani ya siku 14. Yangu, hata tarehe ya kuandikwa ilikuwa imeshavuka hapo. Na hakuna sheria inayokulazimisha kuitajia kampuni binafsi jina la dereva. Hao si polisi. Ila kudanganya mahakamani, hapana kabisa.

Watakutisha na kesi ya kampuni ya maegesho ParkingEye na dereva Beavis, Mahakama ya Juu, 2015, pauni 85 za kupitiliza muda pale Chelmsford. Beavis alishindwa, kweli, lakini mabango ya pale yalikuwa makubwa, mengi na yanasomeka. Yako je? Mimi nilirudi usiku, saa zilezile, nikapiga picha nikiwa kwenye kiti cha dereva: bango juu ya nguzo, taa imekufa, maandishi ya faini madogo kuliko ya tangazo la mikate pembeni yake.

Kabla ya kusikilizwa kuna upatanisho wa simu. Pokea, ongea kwa adabu, hulazimiki kukubali kulipa hata senti.

Chumba chenyewe cha mahakama ni kama ofisi, meza na viti, jaji hana wigi. Wakili wao wa kukodi alikuwa anafungua faili palepale. Picha yao ya bango ilikuwa ya mchana. Jaji akauliza barua ilitumwa lini. Jamaa akapekua, akapekua tena. Dai likatupwa.

Hata ukishindwa, kwenye madai madogo kwa kawaida hubebeshwi gharama zote za mawakili wao. Na kama ndani ya dai wameongeza pauni 70 eti za kukusanya deni, zipinge kivyake.

Weka hapa tarehe ya tukio na ya barua ya kwanza, namba ya gari ufiche, tuhesabu.